Anayezima Moto Naye Apewe Ngazi ya Kupanda



King'ora kinapolia mjini, watu hupisha njia na kusema, "Zimamoto hao!" Moto ukizimika hupiga makofi, kisha kila mtu huenda zake. Wachache sana huuliza: Yule aliyeshika mpira wa maji alifundishwa wapi? Nani alilipa? Na akiushika mpira huo miaka ishirini, atafika wapi? Leo twataka kuyauliza maswali hayo, kwa kuwa yawahusu wenzetu wa zimamoto na wa ambulensi, na yatuhusu sisi sote ambao siku moja tutawaita.

Katika mji mmoja ambao hatutautaja, yuko mwenzetu aliyeingia zimamoto akiwa dereva. Amekaa kazini miaka 17. Ajua kila bomba la maji la barabarani, lenye maji na lililokauka. Ajua kichochoro ambacho gari kubwa haliwezi kugeuka. Vijana wakiandikwa kazi, yeye ndiye huwaonyesha kukunjua mpira, kusimamisha ngazi na kuvaa chupa ya hewa. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilipotokea, aliandika barua. Akaitwa, akaulizwa swali moja tu: "Cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Nafasi ikapewa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Kijana hatumlaumu. Alisoma kwa jasho la wazazi wake. Twalaumu mpango unaomfanya mtu kuwa mwalimu siku ya kazi, na kumwita asiyesoma siku ya kupandishwa cheo.

Msitusikie vibaya. Hatusemi kwamba vyeti ni upuuzi. Kazi hii haifanywi kwa ushujaa peke yake. Moto wa petroli haupigwi maji kama moto wa nyumba ya makuti. Maji huutandaza, nao hutaka povu. Mtu aliyevunjika shingo akivutwa ovyo huweza kupooza maisha yake yote. Anayeingia chumba kilichojaa moshi bila chupa ya hewa huongeza idadi ya watu wa kuokolewa. Mambo haya hufundishwa, tena hurudiwa mpaka mikono iyajue.

Nchi yetu imelipa sana kwa kutojua. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja katika bomba iliwaka, na watu wapatao 100 wakafa. Mahali kama hapo, kazi ya kwanza ya mtu aliyefundishwa ni kuwaondoa watu mbali na kuzuia cheche, kabla moto haujaanza.

Na wakubwa kati yetu hawajasahau tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa mjini humo, na jumba la Ufundi likaporomoka. Waliotangulia kuchimba walikuwa wapita njia na wafanya kazi wa karibu, wengi kwa mikono mitupu. Baadaye vikaja vikosi vya waokoaji kutoka Israeli na Marekani pamoja na vyombo vyao. Twawashukuru. Lakini ndege huchukua saa nyingi, na aliyefunikwa na zege hana saa nyingi.

Sasa tutazame sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti kazi ya zimamoto na kazi ya ambulensi. Vema. Lakini kaunti ni 47, na kila moja yaweza kuwa na kipimo chake. Wenzetu waliohama kaunti wametuambia walivyoanza tena chini, kana kwamba moto wa huko ni moto mwingine.

Tazameni mabaharia. Mkataba wa mataifa wa 1978 juu ya mafunzo ya mabaharia wataka mtu afundishwe kuzima moto, kujiokoa majini na kutoa huduma ya kwanza kabla ya kushika kazi melini. Mafunzo hayo hutolewa hata hapa kwetu, katika Bandari Maritime Academy, Mombasa, na cheti chake ni cha kipimo kinachojulikana katika bandari za dunia. Ikiwa cheti cha baharia chavuka bahari, kwa nini cha mtu wa zimamoto kisivuke mpaka wa kaunti?

Watazameni na mafundi. Mwashi aliyejifunza kazi kwa kubeba mawe, au fundi wa magari aliyejifunza chini ya mwembe, aweza kufanya mtihani wa gredi wa NITA: kwanza gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Haulizwi alisoma shule gani. Huambiwa, "Shika chombo, tuone." Hiyo ndiyo ngazi tunayoitaka kwa mtu wa zimamoto na mtu wa ambulensi: apimwe ajualo, afundishwe asilolijua, apewe cheti.

Njia za masomo zipo. Chama cha Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Chuo cha KMTC hufundisha kazi ya dharura ya ambulensi, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufundisha mambo ya maafa. Taabu ni kwamba mlango wa vyuo wataka gredi ya kidato cha nne na karo mkononi. Mtu wa zamu ya usiku mwenye watoto wanne hana karo wala ruhusa. Mlango uko wazi, lakini uko ghorofa ya tatu naye hana ngazi.

Waajiri watatuambia hakuna pesa. Twawajibu hivi. Sheria ya mafunzo ya kazi yawatoza waajiri shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, yaani shilingi 600 kwa mwaka, na mwajiri aliyelipa aweza kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyokubaliwa na NITA. Wanachama, ulizeni ofisini kwenu: Pesa hizo zalipwa? Nani alifundishwa kwazo mwaka jana? Mara nyingi mtaona ni wakubwa waliokwenda semina hotelini.

Wengine watasema, "Tukimfundisha ataondoka." Basi twawauliza: Na msipomfundisha akabaki? Ni nani atakayefurahi kuokolewa naye? Mtu huondoka mahali pasipo na mshahara wala cheo. Mpeni vyote viwili, atakaa.

Nanyi wa viwandani, msidhani habari hii ni ya watu wa king'ora peke yao. Sheria ya usalama kazini ya 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na kanuni za moto za mwaka huo huo zataka zoezi la moto angalau mara moja katika miezi 12. Mfanya kazi anayechaguliwa kutunza sanduku la dawa na akafundishwa huduma ya kwanza amekanyaga kipago cha kwanza. Huenda binti yenu wa kiwandani leo akawa mkubwa wa ambulensi kesho, kama vipago vingine havikuondolewa.

Kwa hiyo twataka mambo manne:

1. Kipimo kimoja cha mafunzo ya zimamoto na ambulensi katika kaunti zote, na cheti kinachokubaliwa kila mahali.

2. Aliyefanya kazi miaka mingi apimwe kwa kazi yake, asifungiwe mlango kwa sababu ya gredi ya shule.

3. Masomo yawe ndani ya saa za kazi na kwa mshahara kamili, na mwajiri alipe karo.

4. Kila cheti kiwe na cheo chake na mshahara wake, vikiandikwa katika mapatano ya chama na mwajiri.

Mambo haya hayaji kwa maombi. Huja kwa mezani, na mezani hatuendi mikono mitupu. Kila mwanachama wa zimamoto na ambulensi na aandike katika karatasi tarehe aliyoanza kazi, kozi alizopitia hata ya siku mbili, na kazi anayoifanya bila kulipwa cheo chake. Ampelekee katibu wa tawi. Tukiwa na karatasi hizo tutamwonyesha mwajiri walimu alio nao bila kuwajua.

Yule mwenzetu wa miaka 17 ameandika yake tayari. Na wewe?