Mashine ya kupumulia ikiitwa kiwandani, nani atampigia hodi mgonjwa wa Bagamoyo?

JUNI 14, 2021, kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitangaza kuziita mamilioni ya mashine za kusaidia kupumua ambazo wagonjwa huzitumia majumbani. Sababu ilikuwa hofu kwamba mashine hizo, zilizonunuliwa ili kuokoa pumzi, zingeweza kuiharibu.

Miaka imepita, kesi zimefunguliwa na fidia zimekubaliwa huko Marekani. Hata hivyo, kwa wakazi wa ukanda wa pwani kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, sakata hilo linaacha swali zito. Mashine iliyoko chumbani mwa mgonjwa wa Kiromo ikigundulika kuwa na kasoro huko ilikotengenezwa, ni nani atakayejua kwamba ipo, na ni nani atakayekwenda kumpigia hodi?

Mashine zilizohusika zilikuwa za aina mbili kuu. Aina ya kwanza husukuma hewa kupitia barakoa, ili koo la mtu anayekatikiwa pumzi usingizini lisizibe. Aina ya pili humpumulisha mgonjwa ambaye misuli au mapafu yake yamedhoofu kiasi cha kushindwa kufanya kazi hiyo peke yake. Ndani ya mashine hizo, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2009 hadi Aprili 2021, iliwekwa sponji ya kupunguza kelele. Ilibainika kwamba sponji hiyo huweza kuoza, ikatoa chembe na gesi ambazo mgonjwa angezivuta moja kwa moja hadi mapafuni.

Lipo jambo moja katika tangazo la kampuni ambalo msomaji wa Pwani hapaswi kulipita haraka. Kampuni ilieleza kuwa joto kali na unyevunyevu huweza kuharakisha kuoza kwa sponji, sawa na usafishaji wa mashine kwa kutumia gesi ya ozoni. Mtu anayeijua Bagamoyo wakati wa kaskazi, pale shuka linapolowa jasho usiku na bati likila kutu kabla ya wakati wake, hahitaji kuelezwa zaidi. Hali ya hewa ambayo mtengenezaji aliitaja kuwa ni ya hatari, hapa ndiyo hali ya kawaida ya sehemu kubwa ya mwaka.

Ukubwa wa tatizo ulijulikana polepole. Mwanzoni kampuni ilikadiria kuwa mashine zinazohusika zilikuwa kati ya milioni tatu na nne duniani kote. Baadaye hesabu hiyo ilipanda hadi takriban milioni 5.5. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ililiweka suala hilo katika daraja la juu kabisa la hatari, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 116,000 zinazohusishwa na sponji hiyo, zikiwamo taarifa 561 za vifo.

Ni vyema ikaeleweka kuwa taarifa ya kifo si uthibitisho kwamba mashine ndiyo iliyoua. Kampuni yenyewe ilisema vipimo vyake vya baadaye vilionyesha kuwa madhara makubwa hayatarajiwi kwa mashine nyingi. Mamlaka ya Marekani haikuridhika na vipimo hivyo, ikataka vingine. Aprili 2024, Philips ilikubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza madai ya wagonjwa yaliyofunguliwa Marekani, bila kukiri kosa. Mwezi huohuo ilifungwa na makubaliano ya mahakama yanayoizuia kuuza mashine mpya za aina hiyo nchini humo hadi itakapotimiza masharti iliyopewa.

Ukarabati nao haukuwa mwisho wa adha. Sponji mpya ya silikoni iliyowekwa katika baadhi ya mashine za kupumulisha ilionekana mwaka 2022 kubanduka, ikawa na uwezo wa kuziba njia ya hewa. Kwa hiyo hata aliyefuata maelekezo yote alilazimika kuendelea kufuatilia matangazo.

Hapo ndipo kiini cha jambo kinapojitokeza. Bidhaa haiitwi kwa tangazo peke yake, huitwa kwa daftari. Mgonjwa wa Marekani alitakiwa kuandikisha namba ya mashine yake katika tovuti ya kampuni, akangoja kutengenezewa au kubadilishiwa. Wapo waliongoja zaidi ya mwaka. Lakini walikuwa na foleni ya kupanga, na jina lao lilikuwa mahali fulani.

Tanzania si kwamba haina chombo cha kusimamia mambo haya. Mwaka 2019 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ilikabidhi shughuli za chakula na vipodozi kwa Shirika la Viwango, ikabaki kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Jina hilo jipya lenyewe linaonyesha kwamba mashine ya hospitali inastahili kusimamiwa sawa na kidonge.

Aidha, mamlaka hiyo ilionekana kazini Aprili 2024. Maabara ya Nigeria iliripoti kukuta sumu katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin iliyotengenezwa Afrika Kusini. Siku chache baadaye Tanzania iliungana na nchi kadhaa za Afrika kuagiza dawa hiyo iondolewe sokoni, ingawa kampuni husika ilisema vipimo vyake havikukuta sumu hiyo. Agizo la namna hiyo lina pa kushikia: kuna namba ya toleo, kuna mwagizaji mwenye kibali, kuna duka la dawa lenye rafu.

Mashine ya nyumbani mara nyingi haina hayo. Inaweza kuwa imeletwa na ndugu aliyeko Uingereza ndani ya sanduku la nguo. Inaweza kuwa imenunuliwa ikiwa imetumika, kama yanavyonunuliwa majokofu na runinga za mtumba. Inaweza kuwa msaada uliotolewa kwa nia njema, au mali ya marehemu iliyorithiwa na jirani mwenye tatizo linalofanana. Katika njia zote hizo, jina lililoko kwenye kumbukumbu za kiwanda, kama lipo, ni la mtu mwingine katika nchi nyingine.

Pwani ina ugumu wake wa ziada. Majahazi yamekuwa yakivuka kati ya Unguja na Bagamoyo kwa karne nyingi, na ufukwe kuanzia Mbweni kuelekea kaskazini unajulikana kwa bandari bubu. Usimamizi wa dawa na vifaa tiba Zanzibar uko chini ya wakala wake, wakati upande wa Bara uko chini ya TMDA. Kifaa kinachovuka maji bila karatasi huziacha mamlaka zote mbili zikiwa gizani.

Kinachosikitisha ni kwamba Bagamoyo yenyewe inajua vizuri namna ya kumfuatilia mtu kwa ajili ya afya yake. Mji huo ulikuwa moja ya vituo vya utafiti wa chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Katika utafiti wa aina hiyo kila mtoto huandikishwa na hufuatiliwa baada ya kuchanjwa. Uwezo wa kushika daftari upo, ila haujaelekezwa kwa mgonjwa anayelala na mashine.

Je, mwenye mashine afanye nini? La kwanza ni kutoizima kwa hofu. Uingereza iliwaelekeza wagonjwa wasiache matibabu kabla ya kuzungumza na daktari wao, kwa kuwa kwa anayepumulishwa na mashine, kukaa bila mashine kunaweza kuua haraka kuliko sponji. La pili ni kusoma jina la mashine na namba yake, ambavyo huandikwa chini au nyuma ya kifaa, na kumpelekea daktari au fundi wa vifaa tiba. La tatu ni kutazama kama kuna chembe nyeusi katika mpira wa hewa au barakoa, ingawa kutoziona si uthibitisho wa usalama. La nne ni kutotumia ozoni kusafishia, na kutoifungua mashine ili kuing'oa sponji, kwani kufanya hivyo huweza kuingiza takataka katika njia ya hewa.

Aidha, si kila mashine inahusika. Mitambo ya kuzalisha oksijeni, ambayo familia nyingi duniani ziliihangaikia wakati wa Uviko-19, haikuwa sehemu ya tangazo la 2021.

Kwa upande wa serikali, dawa ya tatizo hili haihitaji mabilioni. Kila hospitali inayomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani na mashine, au inayomhudumia mtu aliyekuja na yake, inaweza kuandika mambo matatu: aina ya mashine, namba yake na simu ya familia. Nakala ikifika TMDA na kwa wakala wa Zanzibar, tangazo la kiwanda chochote litakuwa na pa kufikia. Na wanaotoa msaada wa vifaa waelezwe wazi kwamba mashine isiyo na namba inayosomeka ni mzigo.

Kampuni ililazimika kupandisha makadirio yake zaidi ya mara moja, nayo ina kompyuta na mawakala dunia nzima. Mgonjwa wa Kiromo ana mashine, waya wa umeme na barakoa. Hadi namba ya mashine hiyo itakapoandikwa katika kitabu cha hospitali iliyo karibu naye, tangazo lijalo litapita juu ya paa lake kama lilivyopita la mwaka 2021.