Mazingira yafundishwe korongoni, si ubaoni tu



Nina dukuduku juu ya namna tunavyowafundisha watoto wadogo habari za mazingira huku kwetu Mbulu na Hanang.

Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Jioni moja, tukirudisha ng'ombe, alinitajia bila kukosea: mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka kiumbe hai. Wakati huo tulikuwa tumesimama ukingoni mwa korongo ambalo mimi nikiwa kijana nililivuka kwa hatua moja, na sasa limekwisha meza njia na sehemu ya shamba la jirani. Nikamwuliza, "Na hili je?" Akanijibu, "Hili ni korongo tu, babu." Yaani halimo katika somo.

Simlaumu mwalimu. Darasa limejaa, na mtaala wa madarasa ya chini unataka mtoto ajue kutunza afya na mazingira pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini nenda kwenye shule nyingi asubuhi uone. Watoto wanafagia uwanja na kung'oa nyasi mpaka ardhi inabaki tupu, na kazi hiyo inaitwa usafi wa mazingira. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo ule unakwenda moja kwa moja korongoni. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi na niliwafagilisha watoto wa watu namna hiyo hiyo, kwa hiyo nasema nikijua.

Jambo lililonifanya nishike kalamu hasa ni jingine. Tarehe 3 Desemba, 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Je, watoto waliambiwa hivyo? Wapo watu wazima waliowaambia ni laana, na wengine wakawaambia mlima umeanguka kwa sababu watu wanakata kuni. Mjukuu wangu, ambaye wakati ule hajaanza darasa la kwanza, aligoma kufuatana na mama yake kuokota kuni. Alidhani akivunja kijiti mlima utamwangukia bibi yake aliyeko Hanang.

Huko ni kumtisha mtoto, wala si kumfundisha. Aambiwe kweli kwamba mlima ulimeguka wenyewe. Halafu aonyeshwe yale ambayo ni ya mikono yetu: nyumba tunazojenga kwenye njia za maji, miteremko tunayolima kutoka juu kwenda chini, miti tunayokata bila kupanda mingine. Kazi hiyo haihitaji fedha. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa, moja lenye udongo wenye nyasi na jingine lenye udongo mtupu, umwagie maji na mtoto aone ni lipi linatoa maji ya tope. Pigilia vigingi ukingoni mwa korongo kabla ya masika, kisha watoto wahesabu hatua kutoka kigingi mpaka ukingo, wahesabu tena mvua zikiisha. Na hesabu wamejifunza hapo hapo.

Wala ujuzi huu hautoki mbali. Wazee wa Kainam walilima miteremko mikali tangu kabla ya wakoloni, kwa matuta, kwa kufukia majani na kwa samadi ya ng'ombe waliolala nao nyumbani. Mwiteni bibi mmoja darasani aeleze; chai yake ni gharama ndogo.

Natoa tahadhari moja tu. Mtoto wa Kibarbaig asifundishwe kwamba ng'ombe wa baba yake ndio walioharibu nchi, basi. Aambiwe pia kwamba mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980, yalichukua malisho mazuri, mifugo ikabanana kwenye yaliyobaki, na mashamba yenyewe nayo yakaota makorongo.

Nawaomba wahusika wa elimu katika wilaya zetu waruhusu saa moja kwa wiki watoto wa chekechea mpaka darasa la pili watolewe nje kwa somo hili, na nyasi za upande wa mteremko katika viwanja vya shule ziachwe. Kwa upande wangu nimekwisha chonga vigingi kumi na viwili, viko nyuma ya nyumba. Nasubiri ruhusa ya mwalimu mkuu.

Mwalimu Mstaafu,
Dongobesh, Mbulu.