Nguvu ya Gari la Zamani Yatoka Wapi?

Msimu wa karafuu ukikaribia, mazungumzo ya barazani hubadilika. Watu huacha habari za mvua wakaanza habari za gari: nani analo, nani atakodi, na gari la nani litafika. Safari hii limezuka jambo jipya. Wanachama kadhaa wenye pikapu za zamani za dizeli wametuuliza kama yafaa kuzitia tabo, au kumwambia fundi afungue pampu ya mafuta, ili gari lipande vilima na mzigo bila ya kulia. Wengine wamekwisha kutenga fedha. Swali hili si dogo, nasi twaona bora tutoe rai yetu waziwazi kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Rai yetu ni hii: gari la zamani lisiongezwe nguvu mpaka kwanza lirudishiwe nguvu lililokuja nayo. Tena twaamini kwamba wengi watakaofanya hivyo wataona tabo haihitajiki.

Magari tunayoyasema ni yale tuyajuayo sote, hasa Hilux za Toyota zenye injini ya 2L, ambayo ujazo wake ni sentimita 2,446, au 3L yenye sentimita 2,779. Injini hizi zina silinda nne, na nyingi kati ya zilizo mikononi mwetu hazina tabo wala kompyuta. Fundi mwenye spana na akili huifungua chini ya mwembe na kuifunga tena. Magari mapya ya dizeli ni mazuri, lakini yakiharibika hutaka mashine ya kuyapima, na mashine hiyo haiko kila kijiji. Basi magari yetu makuukuu ni mali, na mali hutunzwa.

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi dizeli inavyofanya kazi. Injini hii haina cheche. Pistoni huvuta hewa, ikaibana kama mara 22, hata hewa hiyo ikawa ya moto wa kutosha kuwasha mafuta yanayopulizwa ndani. Kwa hivyo hewa ndiyo nguvu. Hewa ikipungua kuingia, au ikivuja wakati wa kubanwa, au mafuta yakiingia kwa matone badala ya ukungu, nguvu hupungua. Mambo hayo matatu huja polepole, mwaka baada ya mwaka, na mwenye gari huyazoea kama mtu anavyozoea uzee wake. Siku moja husema, "Gari hili halina nguvu," kumbe nguvu ilikuwapo nayo imefunikwa.

Tabo ni feni mbili ndogo katika shina moja. Ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka, na ya pili husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Si uvumbuzi wa jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hati ya ubunifu wake mwaka 1905. Kazi yake ni ya kweli, nasi hatuibezi. Lakini tuulize: sisi tuna upungufu gani wa hewa? Mtu aliye Arusha, mji ulio kama mita 1,400 juu ya bahari, gari lake hukosa zaidi ya moja ya kumi ya hewa ambayo lingeipata pwani, na tabo humrudishia. Kisiwa chetu kina vilima vingi, lakini hakuna kimoja kinachofika mita 200. Hewa yetu ni nzito tangu alfajiri mpaka usiku. Likiwapo linaloizuia kuingia, ni vumbi la udongo mwekundu lililojaa katika filta.

Tena kuna ushahidi wa kiwanda chenyewe. Toyota waliitengeneza injini ya 2L yenye tabo, wakaiita 2L-T. Waliitengeneza watu wenye vipimo na maabara, wala si fundi wa kukisia. Juu ya hayo, injini ile ilipata jina baya katika nchi nyingi kwa silinda hedi zake kupasuka kwa joto. Ikiwa waliojenga injini walipata taabu hiyo, fundi wetu anayeitia tabo iliyotoka katika gari jingine, bila ya geji ya joto, atasalimika kwa lipi? Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.

Ama hii kazi ya kufungua skrubu ya pampu, tunasema bila kusita kwamba katika injini isiyo na tabo ni hasara. Skrubu ile huongeza mafuta, wala haiongezi hewa. Mafuta yasiyo na hewa ya kuyaunguza hutoka nyuma kuwa moshi mweusi. Moshi ule ni shilingi zenu, mmezilipia kituoni na sasa mnazipulizia majirani. Na joto la ziada hubaki ndani, likala vichwa vya pistoni na valvu.

Sasa tuseme la kufanya, na tuanze na mkanda wa taimingi, kwa kuwa hapo ndipo msiba mkubwa unapotoka. Katika injini za 2L na 3L mkanda huo wa mpira ndio unaozungusha kamshafti na pampu ya mafuta. Ukikatika, injini huzimika papo hapo, pistoni zikazigonga valvu, na hasara huwa kubwa. Toyota wameweka kipimo cha kilomita 100,000, na katika dashibodi ya magari mengi iko taa inayowaka kilomita hizo zikitimia. Lakini taa ile huhesabu kilomita tu, wala haiuoni mkanda. Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, na oili ikiudondokea huoza kabla ya muda wake.

Twamjua mwanachama mmoja ambaye taa hiyo ilimwakia. Fundi akaizima, akasema haina maana. Jioni moja ya msimu, gari limejaa magunia ya karafuu mbichi kutoka shamba, mkanda ukakatika njiani. Usiku ule hakupata gari jingine. Kila mmoja wetu anajua karafuu mbichi zinavyofanya zikirundikwa: huanza kupata joto, zikachacha, na zikianikwa hutoka zimepauka na kusinyaa. Aliyechuma alilipwa, aliyechambua alilipwa, lakini mwenye karafuu alipofika kituo cha ununuzi alipewa daraja la chini. Hedi ya gari nayo ikamngoja nyumbani. Bei ya mkanda na gurudumu dogo la kuukaza haifiki popote karibu na hasara ile. Basi aliyenunua gari lililotumika na hajui mkanda wake ulitiwa lini, asiulize maili zilizoandikwa. Atie mpya, aandike tarehe.

Jambo la pili ni maji ya rejeta. Hapa tuna desturi mbili mbaya. Ya kwanza ni kujaza maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi au chokaa, na maji hayo yakichemka huacha utando ndani ya mirija kama ule wa birika la chai. Tia dawa ya rejeta iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Huzuia kutu, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kizibo cha rejeta nacho, ikiwa spring yake imelegea, kibadilishwe, maana mkazo wake ndio unaoyazuia maji kuchemka mapema. Desturi ya pili ni kuitoa thamostati na kuitupa, ati gari lisipate joto. Thamostati huongoza maji na kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi. Ikitolewa, injini hukaa baridi katika safari fupi, mafuta hayaungui sawasawa, na silinda huchakaa haraka. Ikiwa gari linachemka, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni iliyolegea, pampu ya maji inayovuja. Kuitoa thamostati ni kuficha maradhi.

La tatu ni mafuta. Pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili ya kwake. Anayechanganya mafuta ya taa ili aokoe senti huikausha pampu, na pampu ndiyo kifaa ghali kuliko vyote mle. Maji ni adui mwingine. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa yetu ina unyevu, na wengi huweka akiba ya dizeli katika madumu na mapipa. Chini ya filta ya dizeli ipo skrubu ya kutolea maji. Ifunguliwe kila wiki wakati wa msimu, na kinachotoka kikingwe katika chupa nyeupe. Maji hukaa chini na dizeli juu, na mtoto wa chuoni anaweza kuyatambua. Kazi hii ni ya dakika chache.

La nne ni hewa, nayo tumekwisha kuigusa. Filta ya hewa isipigwepige ukutani, wala isipulizwe kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Tundu moja dogo huingiza vumbi linalosaga silinda kama msasa. Ikichakaa inunuliwe nyingine. Na asiendeshe mtu gari bila ya filta kwa kuwa ati "linapumua vizuri zaidi."

La tano ni oili. Kila kilomita 5,000 ibadilishwe pamoja na filta yake, na iwe oili ya dizeli, kama ile ya 15W-40. Kuwa nyeusi baada ya siku chache si kosa, maana inabeba masizi. Lakini ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yameingia, na gari lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe. Mwisho, nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye pampu ya kuzipima zinavyopuliza, na nafasi za valvu zipimwe. Mara nyingi hapo ndipo nguvu iliyopotea inapopatikana.

Twajua wapo watakaosema kwamba tunapenda ya kale na kuogopa maendeleo. Hasha. Yapo mageuzi tunayoyaunga mkono. Geji halisi ya joto la maji, yenye king'ora, ni mageuzi mazuri kuliko yote, kwa sababu ile ya kiwandani mara nyingi husema habari baada ya mambo kwisha. Chombo cha ziada cha kutenga maji na mafuta, kabla ya filta, chafaa sana kisiwani. Rejeta yenye safu moja zaidi ya mirija yafaa kwa anayebeba mizigo. Na breki nzuri zapita nguvu yoyote, maana kila kilima tunachokipanda tutakishuka.

Na yule ambaye baada ya yote bado anataka tabo, tunamwomba ashike masharti. Apime mbano wa silinda zote nne, na ikiwa moja imelegea, aache. Msukumo wa hewa uwe mdogo, usizidi nusu ya baa. Aweke geji ya joto la moshi, na aondoe mguu kabla halijafika nyuzi 700 za Selsiasi. Abadilishe oili mapema zaidi ya zamani. Akitoka kilimani asizime injini mara moja, aiache ilie polepole dakika mbili tatu ili oili ipoze shina la tabo. Asiyeweza kushika masharti haya asianze.

Tumalizie na shauri kwa chama chetu. Spea nyingi hutufikia kwa meli, na katika msimu kungoja siku nne ni kupoteza mavuno. Twapendekeza kila tawi linunue kabla ya msimu mikanda michache ya taimingi ya 2L na 3L, filta za oili, za dizeli na za hewa, na madebe ya dawa ya rejeta, viuzwe kwa wanachama kwa bei ile ile iliyonunuliwa. Na kila mwenye gari awe na daftari dogo ndani ya gari, la kuandika tarehe, kilomita, na kilichobadilishwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari ni mali.

Karafuu haitoi kwa wingi kila mwaka. Msimu mkubwa ukija, mti umefanya kazi yake, na mchumaji amepanda matawi kwa hatari ya shingo yake. Itakuwa aibu kazi yote hiyo iharibike njiani kwa mkanda wa mpira. Wanachama wenye rai nyingine, na hasa mafundi walio miongoni mwetu, walete maneno yao katika mkutano wa tawi kabla ya msimu kuanza, nasi tutayasikiliza.