Tunataka Pa Kukaa na Boya Naivasha

Wacha niseme mapema ndio mnicheke vizuri: kuvua samaki kwa boya ni moja ya raha za bei rahisi sana mtu anaweza kupata karibu na Nairobi. Na kama hujawahi kujaribu, sikulaumu. Ziwa Naivasha liko kama kilomita 90 tu kutoka mjini, lakini mtu wa kawaida akifika huko hana pa kukaa.

Najua venye mnafikiria. Kuvua ni kazi ya wazee, ama ni mchezo wa watalii wenye kofia pana. Sawa. Nipeni dakika niwaeleze siku yenyewe inakaa aje, halafu tuongee kuhusu kile kinaniuma.

Samaki ninayemfuata anaitwa kapu. Sio kapu la nyanya, tafadhali. Huyu ni samaki mnene, magamba makubwa, rangi ya shaba, masharubu manne mdomoni. Alionekana Naivasha mara ya kwanza mwaka 2001, na kufikia 2010 ndiye alikuwa amejaa kwa nyavu za wavuvi kuliko samaki mwingine yeyote. Kuna watu bado wanamdharau ati ni mgeni. Mgeni? Bass waliletwa na wazungu miaka ya 1920, kamba wa Louisiana wakawekwa mwaka 1970, na hata tilapia unayeagiza na ugali hapo barabarani waliletwa tu. Hapo ziwani karibu kila mtu ni mgeni.

Vifaa ni vichache. Niko na fimbo ya mtumba yenye rili, mshipi, ndoana, vipande vidogo vya risasi, na boya nililojitengenezea kwa shina la unyoya mkubwa wa ndege. Ncha nimeipaka rangi ya kucha, nyekundu, ndio nione mbali. Chambo ni ugali. Ugali mgumu wa jana, unaukanda na unga kidogo hadi ushike ndoana bila kumeguka. Mahindi ya kuchemsha pia yanafanya kazi poa.

Sasa sikiza, hapa ndio utamu uko. Kapu anakula chini kabisa, kwa tope. Hana meno mdomoni, meno yake yako kooni, kwa hivyo anafyonza tope, anatema asichotaka, anabaki na chakula. Lazima basi ujue kina cha maji kabla ya kitu kingine chochote. Unafunga risasi nzito kwa ndoana, unarusha, unaangalia boya. Likizama lote, maji ni marefu kuliko ulivyopima, unalisukuma boya juu ya mshipi. Likilala, umelisukuma mno, unalirudisha. Unaendelea hivyo hadi ncha tu ndio inachungulia. Mara ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa, na rafiki yangu alikuwa ashaanza kuuliza tunarudi na matatu ya saa ngapi.

Ukishajua kina, unatoa ile risasi nzito, unaweka kipande kimoja kidogo karibu na ndoana, kama upana wa vidole vitatu hivi, ndio kilale chini pamoja na ugali. Halafu unangoja. Kila mtu anadhani boya litazama, venye tumeona kwa katuni. Kumbe kapu akiinua ugali anainua na ile risasi, na boya likipoteza uzito linapanda. Linasimama juu ya maji kama mtu ameitwa jina lake darasani, kisha linalala. Hapo ndio unavuta.

Siku hiyo tulikaa saa tatu bila kitu. Kisha mapovu madogo yakaanza kutokea karibu na boya, ishara kwamba kuna mtu anachimba tope huko chini. Rafiki yangu, ambaye hawezi kumaliza video ya dakika moja bila kuiruka, aliweka simu mfukoni bila kuambiwa. Boya likapanda. Nilivuta, na yule samaki akaenda na mshipi wangu kuelekea mafunjo kama amekumbuka ameacha jiko likiwaka. Mama wa kuuza samaki alimpima baadaye: kilo mbili na kitu.

Lakini kabla ya hapo tulikuwa tumefukuzwa mara mbili. Hoteli moja, jina nitaliacha, soja alituambia tulipe kiingilio cha wageni hata kama hatutaki chakula chao wala kiti chao. Kwingine ni ua wa shamba la maua, halafu ua mwingine, halafu mwingine. Unatembea Barabara ya Moi South Lake ukijua ziwa liko hapo tu upande mmoja, na huwezi kuligusa. Sehemu za umma kama Kamere zipo, lakini zimejaa maboti, nyavu na watu wa kazi. Si haki uende kuwasumbua na unyoya wako.

Wenye hawana pesa ya hoteli wanafanya nini? Wanapenya usiku ama alfajiri na kuingia majini hadi kiunoni, katikati ya mafunjo, saa zile viboko wanatoka kula nyasi na kurudi. Vijana wamekufa hivyo. Kisha tunawaita wavuvi haramu na kufunga mjadala.

Naskia jibu: mkifunguliwa ukingo mtaleta takataka na kumaliza samaki. Takataka, kubali, tuwekewe sheria na faini. Lakini kumaliza samaki kwa ndoana moja? Mimi nimekaa mahali naonekana, leseni mfukoni, samaki mdogo namrudisha, na msimu ziwa likifungwa nabaki nyumbani. Mwenye wavu wa matundu madogo ndiye anahitaji giza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka maziwa kwenye ardhi ya umma. Kaunti ya Nakuru inaweza kutenga hata sehemu tatu tu: jukwaa la mbao, uzio imara wa kuzuia viboko, choo, ada ya siku moja unayolipa kwa simu, na geti linalofungwa kabla ya jioni. Hiyo si bajeti ya uwanja wa ndege.

Kama unaishi Naivasha, muulize MCA wako swali moja: njia za umma za kufika ziwani ni ngapi kwenye ramani, na ngapi kati ya hizo leo zina geti la mtu?