Betri iliyovimba haitobolewi

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako ya betri za simu umetusahau sisi wa ziwani. Mbinga mjini kuna baridi, simu inakaa salama. Teremka Mbamba Bay au Liuli, joto ni jingine kabisa, na bado utamkuta mtu kaiacha simu juani pembeni ya paneli ya sola ichaji huku yeye anaanika dagaa. Joto linazeesha betri ya lithiamu haraka mno.

Kinachoniudhi zaidi ni zile zilizovimba. Mfuniko wa nyuma haufungi, mtu anaubana kwa rababendi, maisha yanaendelea. Wengine wanaitoboa kwa sindano eti itoe hewa! Hiyo siyo hewa, ni gesi inayoshika moto. Samsung wenyewe walizirudisha Galaxy Note 7 mwaka 2016 kwa sababu ya betri, seuze hizi za bei poa za mnadani?

Betri ya akiba itunzwe ikiwa na chaji nusu hivi, pakavu, mbali na sarafu na funguo. Iliyovimba iwekeni nje kwenye kopo la mchanga mkavu. Na jamani, msiitupe ziwani wala msiichome na takataka.