KADI NYEKUNDU ISIISHIE KWA MCHEZAJI

Vijana wa Kyela wanaobanana kwenye vibanda umiza si wajinga. Wanalipa kiingilio, wanatazama, wanaona.

Januari 17, 2024, kule San Pedro, Ivory Coast, walimwona Novatus Miroshi akilambwa kadi nyekundu, Stars ikiwa nyuma kwa bao moja mbele ya Morocco. Tukabaki pungufu, tukalala 3-0. Tuliumia, lakini kosa ni kosa. Kocha wetu wa wakati huo, Adel Amrouche, naye alifungiwa na CAF mechi nane kwa sababu ya mdomo wake. Sawa.

Sasa tuwaulize vigogo wa soka letu. Machi 8, 2025, mashabiki walishanunua tiketi, TV zimewashwa, wakasubiri Simba na Yanga. Simba ikagoma, ikidai kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa. Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25!

Mchezaji akikosea anahukumiwa palepale, kamera zinammulika, hata mtoto wa Matema anashuhudia. Mkubwa akivuruga, kesi yake inahamia vikaoni, milango imefungwa. Shabiki anabaki na tiketi mkononi.

Huo ni ubaguzi. Tunasema wazi: makosa ya viongozi nayo yahukumiwe hadharani na haraka, kwa majina. Samaki huoza kuanzia kichwani. Wavuvi wa Ziwa Nyasa hawahitaji semina kulijua hilo.