Chupa Isiyo na Majani

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa moja huko Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amefungia majani ya miyombo yaliyolowa ndani ya chupa ya mdomo mpana, pamoja na kikombe kidogo cha maji ya chokaa. Kulipokucha maji yale yalikuwa meupe kama maziwa. "Hii ndiyo kazi ya kabonidayoksaidi," akatangaza, akaanza kuandika muhtasari ubaoni. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, na chupa isiyo na majani ingekuwaje?" Aliambiwa akae.

Nionavyo mimi, somo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba majani yakioza hugeuka udongo. Si uongo, ila ni ukweli pungufu: sehemu kubwa ya kaboni iliyomo katika jani hurudi hewani kwa kazi ya bakteria na kuvu. Jambo la ajabu kama hilo mtoto atalisadiki akilipima, si akitazama rangi tu.

Tena rangi hudanganya. Hewa hiyo ikizidi, weupe hutoweka na maji hurudi kuwa maangavu. Hivyo majani yaozayo kwa nguvu yaweza kuonekana kana kwamba hayakutoa kitu. Ndiyo maana vyuoni hutumika titresheni. Haidroksidi ya sodiamu huinasa hewa, kabonati hutengwa kwa kloridi ya bariamu, kisha asidi ya haidrokloriki hupima besi iliyosalia. Kila mililita ya asidi ya molari 1 iliyopungua, ikilinganishwa na chupa tupu, ni miligramu 22 za kabonidayoksaidi. Bila chupa tupu hakuna hesabu.

Wako wasemao kwamba shule ya msingi haina bureti. Sikubaliani nao. Maji ya chokaa ni besi. Siki, au maji ya ndimu yaliyochujwa, ni asidi. Nayo maji ya choya, yaliyo ya kijani ndani ya besi, huwa mekundu asidi inapozidi. Yaache mashapo meupe yatuame, kwani siki huyayeyusha na kuharibu kipimo. Chota mililita 20 za maji maangavu kutoka kila chupa, kisha udondoshe siki iliyozimuliwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, watoto wakihesabu matone kwa sauti. Yale ya chupa yenye majani yatahitaji matone machache zaidi. Miligramu hawatazipata, lakini wataweza kulinganisha majani makavu na mabichi, ya mwembe na ya mmyombo.

Tumia konzi moja tu ya majani, kwa usiku mmoja, chupa zote mbili zifungwe saa ileile. Na uyamimine maji ya chokaa wewe mwenyewe, kwa kuwa huunguza macho.